Mzee hajui kama mwanawe amefariki. Nimpelekee nini hospitalini?

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, huu ni mwaka wangu wa nne hapa Baltimore. Kazi yangu ni kuangalia wazee majumbani. Tangu mwaka jana niko kwa mzee mmoja wa Kiyahudi na mkewe, watu wa dini hasa: jikoni wana sinki mbili, Ijumaa jioni taa haiwashwi wala haizimwi, na Mzee hatoki chumbani bila kofia yake. Wamenitendea wema ambao sikuutarajia ugenini. Bibi ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Alikaa kando yangu na mkoba mapajani akawa ananiambia "pole pole, pole pole", neno nililomfundisha mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita Mzee aliteleza bafuni, kisha nimonia ikamwingia. Amelazwa. Ana miaka 88, moyo wake dhaifu, na zipo saa anachanganyikiwa. Sasa juzi Jumapili, Bi Mkubwa, mtoto wao wa kiume kafariki ghafla. Miaka 54. Alianguka gereji kwake akiwa anashusha vitu vya dukani. Jumatatu mchana wakazika.

Jumatatu hiyo hiyo jioni nikaenda kutoa pole kama tulivyolelewa. Nilipika pilau ya nyama ya mbuzi, sufuria kubwa ile ya shughuli. Nikanunua maua meupe. Wenzangu watatu ninaofanya nao kazi tukachanga nao dola 120, tukatia kwenye bahasha. Mlango niliukuta wazi. Nikapiga hodi, hakuna aliyeitikia, nikaingia. Bibi amekaa kwenye kiti kifupi kama mbuzi ya kukunia nazi, ukosi wa sweta yake umechanwa, miguuni ana ndara za kitambaa. Kioo cha ukumbini kimefunikwa shuka. Nikasema "Shalom, Bibi" kwa sauti, maana ndivyo ninavyomwamkia kila asubuhi. Kimya. Watu wote wakatazama sakafu. Jirani mmoja akanipokea sufuria kwa mikono miwili, akatabasamu, akaenda kuiweka nje kibarazani. Maua nayo huko huko. Bahasha Bibi hakuigusa, alinishika tu mkono.

Usiku sikulala kwa aibu.

Lakini hilo ni dogo. Kabla sijaondoka binti yao alinivuta kando akaniambia Mzee hajaambiwa. Wamekubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Yeye na mama yake wako ndani siku saba, kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda hospitali kila mchana. Jana Mzee kaniuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Nikamwambia ana mafua. Uongo, ulinitoka tu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kijana?" Nikajifanya natafuta chaja ya simu chini ya kitanda.

Nataka kumpelekea kitu. Kwetu huendi kumjulia mgonjwa hali mikono mitupu, hata machungwa mawili kwenye mfuko yanatosha. Ila mwenzangu mmoja ananiambia Wayahudi walio matangani hawapewi zawadi, ni mwiko, na kwa yaliyonikuta Jumatatu nimeogopa. Nikimpelekea Mzee zawadi katikati ya siku hizi nitakuwa nimeikosea dini yao? Nisipompelekea, si atahisi kuna jambo? Na akiniuliza tena habari za kijana, nijibu nini?

Ni mimi,
Mikono Mitupu, Baltimore

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Na wewe umefiwa, maana huyo marehemu ulikuwa ukimfungulia mlango.

(Wasomaji, binti huyu nilimjibu kwa simu siku ile ile niliyopata barua yake. Matanga hayangoji zamu ya kuchapwa. Naiweka hapa kwa ruhusa yake, na mawili matatu nimeyageuza ili watu wasitambulikane.)

Mpelekee Mzee zawadi yake. Hukosei kitu. Lakini kwanza tuitoe hiyo aibu ya Jumatatu, kwa sababu ukienda nayo hospitalini Mzee ataiona usoni kwako kabla hujakaa.

Hukufukuzwa pale. Mimi kazi hiyo yako nimeifanya miaka 19, na sehemu kubwa ilikuwa kwa familia za Kiyahudi, kwa hiyo sufuria niliyowahi kuwekewa kibarazani si moja. Wewe unajua mambo ya halali kutoka Likoni. Wenzetu wana kosha, na kosha haiishii kwenye kuchinja. Inaingia mpaka kwenye chombo. Sufuria iliyopikiwa nyama isiyo yao, ikiwa ya moto, ikakaa juu ya jiko lao, imewaletea kazi ya kuuliza na kusafisha. Zile sinki mbili unazoziosha kila siku ni hivyo hivyo, nyama huku na maziwa kule. Yule jirani alikuwa anamlindia mfiwa jiko lake, na tabasamu lile lilikuwa la kweli, maana harufu ya pilau yako ilimfikia naye akajua umesimama jikoni saa ngapi.

Maua hawana desturi nayo kwenye mazishi wala nyumbani kwa wafiwa. Ukienda makaburini kwao utakuta vijiwe vimepangwa juu ya kaburi mahali ambapo wengine wangeweka shada. Bahasha vilevile. Sisi rambirambi tunaishika mkononi na kuiandika daftarini. Wao aliyeguswa na msiba hutoa sadaka, tsedaka wanaiita, kwa jina la marehemu, ikaenda kwa wenye shida. Mwambie binti kwamba mna dola 120 na mngependa ziende anakotaka yeye. Atakuambia wapi. Wenzako wape jibu, wasije wakadhani umekula.

Sasa "Shalom". Hapa ndipo swali lako la zawadi lilipo, kwa hiyo nivumilie. Shalom ni amani. Aliyefiwa na baba, mama, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mume au mke, anakaa siku saba tangu mazishi, shiva wanaiita, na siku hizo haamkiwi kwa amani kwa sababu hana. Mlango huachwa wazi ili pasiwe na hodi wala salamu. Mgeni anaingia, anakaa, na hasemi mpaka mfiwa aanze kusema. Wamelitoa kwa Ayubu: rafiki zake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyetamka neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. (Walipofungua vinywa ndipo mambo yakaharibika, lakini hayo mengine.) Unapoondoka ndipo unasema neno lako, nalo lipo tayari: Mungu akufariji pamoja na wafiwa wote wa Sayuni na Yerusalemu. Liseme kwa Kiingereza ukitaka. Watakuelewa, na watashangaa umejuaje.

Zawadi ni mdogo wake salamu. Ukimpa mtu kitu kizuri kwa furaha umemwambia "amani" kwa mkono badala ya mdomo. Ndiyo maana Rabi Moshe Isserles wa Kraków, aliyefariki mwaka 1572, alipokiongezea desturi za Wayahudi wa Ulaya kile kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo, aliandika kwamba aliye katika maombolezo asipelekewe vyakula vya sikukuu ya Purimu, hata ikiwa ni miezi 12 yote ya kumlilia mzazi. Purimu umeiona, ile siku watoto wanavaa kama wafalme na watu wanapelekeana vikapu vya keki na divai. Wayahudi wa nchi za Kiarabu wengi hawakulikaza hilo kama wenzao wa Ulaya. Mantiki yake wewe mtoto wa Pwani huhitaji rabi akueleze. Mwanamke aliye edani utampelekea udi na mkufu? Humchukii. Ni kwamba hiyo zawadi inamtaka awe mtu mwingine, na yeye kwa sasa hawezi.

Kwa hiyo mwenzako hakukosea kabisa. Amechanganya tu mambo mawili. Chakula cha mfiwa hakihesabiwi zawadi, ni wajibu wa majirani. Mlo wa kwanza baada ya kutoka makaburini mfiwa hatakiwi kula chake mwenyewe. Jirani anamletea mkate, mayai ya kuchemsha, dengu, vitu vya mviringo visivyo na mdomo, kama yeye asivyo na la kusema. Waislamu wanayo ya namna hiyo, pale Mtume alipowaambia watu wapike wawapelekee jamaa za Jaafar.

Na kuna habari moja katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya walimu wao wa kale, ambayo kila nikiikumbuka namuona mama yangu na hotipoti zake. Hapo zamani, inasema, waliopeleka chakula nyumbani kwa wafiwa, matajiri walikipeleka katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya vijiti vya mti vilivyomenywa magome. Maskini wakawa wanaona haya. Wakubwa wakakata shauri kwamba tangu siku hiyo kila mtu, awe nani, apeleke kwa kikapu cha vijiti. Vinywaji vilevile: bilauri nyeupe za matajiri zikaondolewa, wote wakanyweshea kwa kioo cha rangi, ambacho ndicho maskini walikuwa nacho. Basi ukirudi pale kwa Bibi, usiwaze kupeleka kikubwa. Mfuko wa machungwa mazima au pakiti iliyofungwa ya biskuti zenye alama ya kosha inatosha, umpe jirani yule yule mlangoni bila maelezo marefu, ukae kidogo, uondoke.

Tumalize hapo. Twende kwa Mzee.

Mzee si mfiwa. Nalisema tena kwa sababu ndilo jibu lenyewe: maombolezo yanaanza mtu anapojua. Na hili la kutomwambia mgonjwa binti hakulibuni juzi. Liko ndani ya Talmudi, ina miaka kama 1500: mgonjwa akifiwa haambiwi, akili yake isije ikasambaratika, nguo hazichanwi mbele yake, na wanaolia wananyamazishwa. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, nikasema kumbe na wao ni watu wa Pwani.

Kwa hiyo yeye leo ni mgonjwa tu, wa kutembelewa, na kutembelea mgonjwa kwao ni amri kubwa. Zawadi unampa. Swali ni zawadi gani, na hapa nakupa kisa kilichonikuta mimi.

Mama yangu alilazwa Tanga mwaka ambao kaka yetu alikufa baharini. Tulimficha. Tulikubaliana ndugu wote wanne, tukafundishana la kusema, hata nguo tulichagua. Siku ya tatu dada yangu akapita sokoni, huruma ikamzidi, akanunua zabibu. Unazijua zile za dukani zinazokuja kwenye karatasi ya zambarau, kila moja imekaa kama yai. Akaziweka juu ya kabati la kitandani. Mama akazitazama. Kwetu hakuna aliyewahi kununua zabibu. Wagonjwa wote wa ukoo ule walipona kwa machungwa na uji. Akaichukua moja, akaizungusha kwa vidole, hakuila. Akasema, "Nani kafa?"

Mpelekee Mzee kile ambacho ungempelekea wiki iliyopita. Kama ulikuwa unampelekea gazeti, peleka gazeti. Kama ni ndizi moja, ndizi moja. Maputo, maua, shuka mpya la sufi, hayo yote ni zabibu. Na usiache ghafla kwa kuogopa dini, maana kuacha nako ni zabibu za upande wa pili.

Mengine ya kawaida unayajua kuliko mimi, nitayapitia haraka. Cha kula kiwe kimefungwa na kina alama ya kosha: U ndani ya duara, au nyota yenye K ndani, na hao wa nyota ofisi yao iko hapo hapo mjini kwenu. Tunda liwe zima, lisikatwe na kisu cha kwako. Pilau, chapati na mahamri vyako vibaki kwako, hata kama havina nyama. Ametoka kwenye nimonia, kwa hiyo kabla hajatia kitu kinywani muulize nesi kuhusu kumeza; wengine hawaruhusiwi hata maji mepesi mpaka yatiwe unga wa kuyafanya mazito. Jumamosi usimpelekee kitu ulichokinunua siku hiyo kwa ajili yake, na simu yako iache mfukoni. Wakala aliyekuajiri naye ana kanuni zake za zawadi, kwa hiyo usitoke kwenye shilingi ndogo.

Ila ukiniuliza mimi ningempa nini, ningempa ufagio.

Rabi Akiva, mmoja wa walimu wao wakubwa wa kale, alikuwa na mwanafunzi, akaugua, na hakuna mwanachuoni aliyekwenda kumwona. Akiva akaenda mwenyewe. Chumba kikafagiliwa, sakafu ikanyunyiziwa maji, vumbi likatulia, na yule kijana akapona. Akamwambia, "Mwalimu, umenirudishia uhai." Akiva akatoka akawafundisha watu kwamba asiyemtembelea mgonjwa ni kama aliyemwaga damu. Angalia hakuna kapu katika kisa hicho. Kuna mtu aliyeona kwamba chumba kina vumbi.

Miwani ya Mzee ina alama za vidole tangu alipolazwa, nakuapia, bila hata kuiona. Ifute kwa pindo la kanga. Betri ya kifaa chake cha masikio angalia inafanya kazi, kwa sababu kutosikia nako huwachanganya wazee wodini. Kitabu chake cha sala kisogeze mahali mkono unafika. Ndevu mchane. Huko nyumbani wafiwa hawanyoi wala hawavai nguo mpya siku hizi, na wewe moyo unaweza kukuvuta umwache naye hivyo hivyo kwa heshima ya msiba. Usifanye. Yeye hayupo msibani, na akijiona kwenye kioo hajachanwa ataanza kuhesabu.

Saa za kwenda pia wamezifikiria. Walimu wao walisema usimtembelee mgonjwa saa tatu za kwanza za mchana wala saa tatu za mwisho: asubuhi anaonekana mzima, utasahau kumwombea, jioni anaonekana mahututi, utakata tamaa. Mchana wako ndio wenyewe. Na usikae upande wa kichwani kwake, wanasema hapo juu pana uwepo wa Mungu. Mimi kama mtu wa wodi naongeza kwamba ukikaa kichwani analazimika kugeuza shingo, na shingo ya miaka 88 haigeuki bure. Wanasema tena kila anayekuja anaondoka na sehemu moja ya sitini ya ugonjwa. Wajanja wakauliza, basi tulete watu 60 aamke? Wakajibiwa kwamba kila mmoja anachukua sitini ya kilichobaki. Hesabu hiyo haiishi, na ninaipenda kwa sababu haiishi.

Sasa la kijana.

Kitabu kile kile cha Karo kinasema hakuna wajibu wa kumpelekea mtu habari ya kifo, tena anayekimbilia kuitangaza kinamwita mpumbavu. Lakini kinasema pia kwamba akiuliza, usimwambie "yu hai", maana imeandikwa jiepushe na neno la uongo. Kati ya kusema na kudanganya wameacha uchochoro, mwembamba, na wewe ndiye umesimamishwa ndani yake. Mafua ya Bibi yamekwisha kutoka, usiyatilie mbolea. Ukianza kumpa homa, kesho dawa, keshokutwa utaulizwa daktari gani. Akirudia, "Na kijana?", usijibu swali, jibu uchungu. Kaa. Mshike mkono kama Bibi alivyokushika. Mwambie, "Unamuwaza leo. Nitamwambia binti yako umemuulizia." Hapo hujadanganya, na hiyo ahadi unaitimiza.

Na uitimize leo hii. Mpigie binti umwambie mambo matatu. Kwamba ulisema mafua, ili maneno yenu yasigongane. Kwamba baba yake ameuliza habari za kijana. Na kwamba nesi wa zamu na yule mtu wa dini anayezunguka wodini waambiwe kuna siri, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mtu mwema akiingia na uso wa huzuni kumpa mgonjwa pole ya msiba ambao mgonjwa hana habari nao. Siri ya familia isibebwe na mtu wa mshahara peke yake. Binti anaweza pia kumuuliza rabi wao kama yeye au mama yake wanaweza kutoka kumwona Mzee hata ndani ya siku saba. Swali hilo si letu, lakini ni halali kuulizwa, na mtu aliyezama kwenye msiba hakumbuki kuliuliza mpaka mwingine alitaje.

Nitasema na moja ambalo hukuniuliza. Mimi ningemwambia Mzee mapema kuliko wanavyotaka wao. Si leo, na si kabla daktari hajaukubali moyo wake. Lakini kwao kuna mpaka: akipata habari kabla ya siku 30 kupita, anaanza siku zake saba kuanzia siku aliyosikia, watu wanakuja, anakaa, analiliwa naye. Zikipita 30, anaomboleza saa moja tu. Wapo watakaoona hiyo ni huruma. Mimi namuona baba aliyepewa saa moja ya kumlilia mwanawe. Mzee anayemuuliza kijana wake na kuona mlezi anaingia chini ya kitanda kutafuta chaja, huyo yuko nusu ya njia. Maneno haya usimwambie binti kama yangu wala yako. Mwambie tu aliyoyauliza baba yake, yeye na rabi na daktari watajua la kufanya.

Siku atakayoambiwa usiwe wewe unayesema. Omba uwe chumbani. Kuanzia hapo umeingia kwenye sheria ile nyingine: hakuna "Shalom", hakuna kitu cha kumchangamsha, unakaa mahali anapokuona na unangoja aanze yeye. Kama nesi ameruhusu, yai la kuchemsha lililopondwa vizuri, la jikoni kwao, na kijiko.

Walizika Jumatatu, na siku ya mazishi huhesabiwa, Jumamosi nayo inahesabiwa ingawa Sabato haiombolezwi hadharani. Kwa hiyo Jumapili asubuhi wataamka kwenye vile viti vifupi, wengine hutoka wakazunguka mtaa mara moja kwa miguu, na nyumba itaanza kufunguka. Mchana pita uchukue sufuria yako. Muulize yule jirani, si Bibi. Itakuwa haijaoshwa, kwa sababu mle ndani hakuna sinki inayoweza kuipokea, na imekaa kibarazani siku sita na nyama ndani. Nenda na mifuko miwili ya plastiki na uache vioo vya gari wazi.